Mtaalamu Aliyeiuliza Kompyuta Jina Lake

Kazini tulimwita Mtaalamu. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba lilikuwa jina la heshima. Lilianza siku meneja alipomtambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye mtaalamu wetu. Muulizeni chochote, mradi muwe na siku nzima." Watu wakacheka, jina likabaki. Yeye aliliitikia kama mtu anavyoitikia jina la ubatizo, na mimi, karani wa mkataba, nililitumia kama wengine.

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa visima, hapa Singida mjini. Mradi ulishakwisha na jengo sasa ni duka la mabati na misumari. Mafundi walichimba kisima kijijini, kisha wakakipima: walivuta maji kwa saa kadhaa huku wakiandika, kila baada ya dakika chache, maji yameshuka kiasi gani. Karatasi ya vipimo ililetwa kwa Mtaalamu. Aliingiza namba zile kwenye programu aliyoiandika mwenyewe kwa Fortran, lugha ya kompyuta ya zamani iliyotungwa kwa ajili ya hesabu nzito, na programu ikatoa majibu mawili: pampu ishushwe kina gani, na kwa saa moja kisima kivutwe maji kiasi gani bila kukauka. Hayo majibu mawili ndiyo yalikuwa kazi yake yote. Mtu wa huku kwetu hahitaji kuelezwa maana ya kisima kukauka.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati daima limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Aliandika kwa vidole viwili, vile vya shahada, na alibonyeza kila herufi kana kwamba anaichomeka ardhini. Chai alikunywa bila sukari, si kwa ugonjwa, bali kwa sababu aliwahi kuikosa sukari kwa mwaka mzima na akaapa haitamsumbua tena. Saa nne alikula viazi vitamu vya kuchemsha kutoka kwenye kibakuli cha plastiki, peke yake, mlango umefungwa. Hakuwahi kunikaribisha hata kipande. Nilipougua malaria, yeye ndiye aliyekuja nyumbani kwetu Mandewa kwa miguu juani, akasimama mlangoni, akamwambia mama yangu, "Mwambie arudi akipona, si kabla," na akaondoka bila hata kuketi.

Hakuwa mtu mwema, kama wema ni upole. Alimliza katibu muhtasi wetu mara mbili, mara zote kwa sababu ya nukta ya desimali. Usipomwamkia shikamoo hakuzungumza nawe siku nzima. Dereva mmoja kijana aliwahi kumsalimia "mambo, Mzee", akaishi wiki nzima bila kujibiwa neno. Lakini mpishi wa kambi ya wachimbaji, mama wa makamo asiyejua kusoma, alipoingia ofisini kuleta karatasi za vipimo, Mtaalamu alisimama, akampisha kiti chake. "Huyu ametoka kwenye kisima," alisema. "Sisi tumetoka nyumbani."

Alichokichukia kuliko vyote ni jibu lisilojulikana limetoka wapi. Ukimwambia mvua ilinyesha sana Mgori, atakuuliza umeambiwa na nani, na huyo aliambiwa na nani. "Jibu lisilo na kwao ni uvumi," alisema. Mezani alikuwa na daftari la visima kumi na viwili vya zamani, ambavyo tabia yake ilishajulikana kwa miaka. Aliviita visima vya mtihani. Kila kompyuta mpya ilipoletwa aliifanyisha mtihani huo: aliingiza vipimo vya visima vyote kumi na viwili na kuona kama majibu yanalingana na ya daftari.

Ndivyo alivyoligundua jambo lililotuharibia maisha.

Meneja alinunuliwa laptop mpya, na fundi wa kompyuta wa mjini akaiwekea programu ya Mtaalamu. Mtaalamu akaiomba kwa siku moja. Visima kumi na kimoja vilifaulu. Kisima cha tisa, ambacho vipimo vyake vilichukuliwa ovyo tangu mwanzo, kikatoa jibu karibu mara mbili ya lile la kompyuta yetu ya mezani. Programu ileile, namba zilezile.

Nilimuuliza inawezekanaje. Alinieleza kwa utulivu ambao hakuwahi kuwapa wengine. Programu ilikokotoa kwa kurudiarudia, na kila duru ilikaribia jibu zaidi, mpaka tofauti iwe ndogo ya kupuuzwa. Prosesa, ile sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu, si zote zinazokata desimali za mwisho kwa namna moja. Kwa vipimo vizuri huoni tofauti. Kwa vipimo vibaya, moja inasimama hapa na nyingine inakwenda kusimama kwingine kabisa.

"Kwa hiyo laptop ni mbovu?" nilisema.

"Laptop ni nzima. Kosa liko kwenye programu yangu, na nitalitafuta. Lakini mpaka nilipate, kila karatasi itakayotoka hapa lazima iseme imekokotolewa na prosesa gani."

Akaenda kwa meneja kumwambia laptop isitumike kwa hesabu za visima kwa sasa. Meneja alikuwa anasoma simu. "Sawa, Mzee," alisema, kwa sauti ile tunayoitumia kumaliza mazungumzo.

Wiki iliyofuata aliitumia kuifundisha programu kuuliza inaendeshwa na prosesa gani. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Kumbe Fortran haina neno la kuuliza hivyo. Nilipoona ajabu, Mtaalamu alicheka, jambo la nadra. "Waliotunga lugha hii walitaka hesabu iwe moja kila mahali. Kwao, kuiuliza mashine ni nani ni kama kumuuliza mgeni kabila lake kabla hajanawa mikono."

Ikabidi azunguke. Kwenye kompyuta ya mezani kulikuwa na faili ambalo mfumo unaoiendesha kompyuta uliandika habari za prosesa. Programu ililifungua, ikalisoma mstari kwa mstari, na ilipokuta maneno ya jina la modeli ikachukua yaliyofuata baada ya nukta mbili. Kwenye laptop hapakuwa na faili kama hilo, kwa hiyo pale programu iliuomba mfumo maelezo mafupi ya prosesa, nao ukarudisha maneno na namba zisizopendeza macho. Mara ya kwanza alipochapisha, jina la prosesa lilitokea mara nne, kwa sababu ndani ya ile prosesa mlikuwa na viini vinne vya kukokotoa na faili lilivitaja vyote. Katibu muhtasi akaipeperusha karatasi ukumbini. "Jamani, kompyuta ya Mtaalamu imejifungua pacha wanne, na wote kawapa jina moja!" Ofisi nzima ikacheka. Mimi pia. Akaichukua karatasi, akarudi chumbani, akaongeza amri ya kuacha kusoma baada ya jina la kwanza.

Toka siku hiyo kila ripoti ilikuwa na mstari mmoja juu: prosesa fulani, tarehe fulani.

Sasa niseme habari ya macho yake, maana bila hiyo nitakuwa nimemwonea haya, na yeye hakupenda kuonewa haya.

Alikuwa anapofuka, na alificha. Herufi kwenye skrini yake zilikuwa zinakua kila mwezi hadi mstari mmoja ukajaza nusu ya kioo. Kwenye korido alitembea akigusa ukuta kwa nyuma ya kidole, kana kwamba anakagua rangi. Aliniita kila asubuhi nimsomee programu kwa sauti, mstari kwa mstari. "Ni kwa mazoezi yako, binti," alisema. Nami nilisoma, akinisahihisha, akinieleza kila amri inafanya nini. Nilijifunza Fortran hivyo, na ndiyo iliyonipa kazi niliyo nayo leo. Sijui hata sasa kama alikuwa ananifundisha au aliazima macho yangu. Pengine yote mawili. Mtu aliyeilazimisha kila mashine ijitaje hakuweza kuwaambia watu watano waliokaa naye jengo moja kwamba haoni.

Nami nilijua, nikanyamaza. Nilidhani kunyamaza ndiyo adabu.

Wafadhili walipokaribia kuja, meneja aliniita ofisini kwake. Juu ya meza zilikuwapo ripoti tatu.

"Huu mstari wa juu ni wa nini?"

Nikamweleza.

"Wageni watauliza maswali. Wataona kama hatuviamini vifaa tulivyonunuliwa. Uondoe."

"Mtaalamu alisema..."

"Mtaalamu ni mzee wa kuheshimiwa. Mimi nakuomba uondoe mstari. Mkataba wako unakwisha lini?"

Alijua unakwisha lini. Nilirudi, nikangoja Mtaalamu aende kula viazi vyake, nikaifungua programu. Sikufuta kitu. Katika Fortran ukiweka alama ya mshangao mwanzoni mwa mstari, kompyuta inauona mstari ule kama maelezo tu, inaupita. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Niliweka alama ile moja mbele ya mstari ulioita jina la prosesa, nikaijenga programu upya ili badiliko lishike, kwenye ya mezani kisha kwenye laptop pia, kama nilivyoagizwa. Haikuchukua dakika tano. Yeye hakugundua. Ripoti zilizotoka baada ya hapo alizishika mkononi, akazigeuza, akazitia saini mahali nilipomwonyesha kwa kidole.

Kisima kilichofuata kilikuwa cha kijiji kimoja njia ya kwenda Mgori. Vipimo vyake vilichukuliwa siku ya mvua, fundi mwenye haraka, karatasi ina madoa. Meneja hakutaka kungoja. Aliingiza namba mwenyewe kwenye laptop, akapata jibu zuri, kisima chenye maji mengi, akachapisha, akanituma nikachukue saini. Nilimpelekea Mtaalamu.

"Imetoka kwenye ya mezani?" aliuliza.

Nilisema, "Meneja ameharakisha, Mzee."

Hilo halikuwa jibu, na yeye, mtu wa kuuliza umeambiwa na nani, hakuuliza tena. Alitia saini.

Maji yalifunguliwa kwa ngoma. Kijiji kilivuta kiasi kile karatasi ilichosema, na mwezi wa tisa kisima kikakauka. Pampu ilizunguka bila maji mpaka ikaungua. Wanawake wakarudi kule walikotoka, mtoni, kuchimba mchanga na kukinga maji kwa kata. Shimo likazidi kwenda chini. Asubuhi moja ukuta wa mchanga ukamwangukia mama mmoja aliyekuwa ndani akichota. Walimtoa hai. Mguu wake haukurudi kuwa mguu.

Kikao kilifanyika ofisini, saa tatu, viti vimepangwa. Meneja, Mtaalamu, watu wawili kutoka makao makuu ya mradi, na mimi wa kuandika kumbukumbu. Meneja alisimama na ile ripoti.

"Mzee, saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi tusomee mstari wa tatu, hapa, tuelewe wote."

Akampa karatasi. Mtaalamu aliishika. Aliisogeza karibu, akaiweka mbali, akaielekeza dirishani. Nikaona kidole chake kinatembea juu ya karatasi, kinatafuta.

"Karatasi hii haina jina la prosesa," alisema mwishowe. "Kule juu. Aliyeisoma aniambie. Lipo?"

Mmoja wa wale watu wawili akachungulia. "Halipo."

"Basi haikutoka kwenye programu yangu kama nilivyoiacha. Nani ameuondoa mstari?"

Meneja hakunitazama. Aliwatazama wageni, akasema kwa huruma iliyopangwa vizuri, "Ndugu zangu, mnaona wenyewe. Mzee wetu haoni. Amekuwa akiingiza namba asizoziona. Sisi tumemheshimu mno, hilo ndilo kosa letu."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika: *Mtaalamu hakuweza kusoma ripoti aliyoitia saini.* Yalikuwa maneno ya kweli. Nimeona tangu hapo kwamba neno la kweli ndilo linaloua vizuri zaidi, kwa sababu hakuna wa kulipinga.

Aliambiwa apumzike nyumbani kuanzia siku hiyo. Jioni alikabidhi funguo. Daftari la visima vya mtihani aliliacha mezani, nami nikalichukua kabla katibu muhtasi hajalitupa. Mkataba wangu uliongezwa.

Meneja alihamia mkoa mwingine, cheo kikubwa zaidi. Simwoni kuwa shetani. Alitaka wageni waondoke wamefurahi, na waliondoka wamefurahi.

Nilikutana na Mtaalamu tena miaka minne baadaye, Ikungi, siku ya mnada. Nilikuwa nimetumwa na ofisi yangu mpya kukusanya takwimu za mvua, na wakati wa kungoja gari nikaingia sokoni kutafuta vitunguu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, pembeni ya mkewe, mafungu ya dengu na alizeti yamepangwa mbele yao juu ya turubai. Kifungo cha shingoni kimefungwa. Macho yalikuwa wazi, meupe, yanatazama juu kidogo ya vichwa vya watu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akainamisha sikio. "Binti wa Fortran. Umenenepa sauti."

Mkewe akanisogezea ndoo iliyoinamishwa, nikaketi. Tuliongea habari za mvua, za bei, za magari. Aliniuliza kama siku hizi ninaandika programu, nikasema ndiyo. Alifurahi kwa kweli, na furaha ile ilinichoma kuliko kama angenitukana. Nikashindwa kuendelea.

"Mzee, ule mstari niliuondoa mimi."

Mkono wake ulikuwa kwenye dengu. Uliendelea kuzichambua, kokoto huku, punje huku.

"Najua," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Siku ya kukabidhi nilimwomba mlinzi anisomee programu. Ana darasa la saba, alinisomea herufi moja moja. Tulipofika pale akasema, Mzee, hapa kuna kijiti kina nukta chini. Nani mwingine ofisini aliyejua kuweka kijiti kile?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja wewe useme. Kikaoni niliuliza wazi, na kikao kile kilikuwa kirefu."

Mkewe aliinuka, akaenda kuzungumza na jirani yake wa vitunguu, bila shaka ili atuache.

"Naomba unisamehe, Mzee."

"Usiniombe mimi." Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, iliyomliza katibu muhtasi. "Mimi nilipoteza kazi, na kazi ile ningeipoteza tu kwa macho haya. Halafu sikiliza. Niliahidi kulitafuta kosa kwenye programu. Miezi minne nilikaa mbele ya skrini nisiyoiona, najifanya nalitafuta. Ningesema sioni, wangemleta mwingine, angelipata kwa wiki. Na karatasi ile nilikuuliza mara moja, ukanijibu ovyo, nami nikatia saini kwa sababu niliogopa ukinipa nisome. Kwa hiyo tusigawane vibaya. Fungu langu ninalijua."

Mteja mmoja akauliza bei ya dengu, Mtaalamu akamtajia, akampimia kwa kopo, akagusa ukingo kwa kidole kuhakikisha limejaa sawasawa, kisha akaongeza konzi moja juu.

"Yule mama wa mguu," aliniuliza mteja alipoondoka. "Umeshakwenda kumwona?"

"Bado, Mzee."

"Mimi nimekwenda mara tatu. Mke wangu ananishika mkono. Mara ya kwanza alinifukuza. Mara ya pili aliniacha nikae uani. Mara ya tatu alinipa maji ya kunywa." Akapangusa vumbi la dengu viganjani. "Yalikuwa ya mchanga mchanga. Bado wanachota kulekule."

Gari langu likapiga honi. Niliinuka, nikamshika mkono, akaniachia haraka kuliko nilivyotaka. Nilinunua dengu ambazo sikuzihitaji, mkewe akazifunga vizuri kwenye mfuko, akanitakia safari njema.

Kutoka kwangu Mandewa hadi kijiji kile si mbali, ni asubuhi moja kwa pikipiki. Njia naijua. Sijaenda.